Mkate Kwanza, Swali Baadaye

Maandiko ya kusoma: 1 Wafalme 19:1–18, Luka 15:25–32, Yohana 21:1–19



Katika mahubiri ya Jumapili nilisema kwamba mtu wa Mungu anapaswa kujitendea wema yeye mwenyewe, si kuwatendea wengine pekee. Ibada ilipoisha, dada mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza bila kuzunguka: "Mchungaji, huo si ubinafsi? Si Yesu alituambia tujikane?" Watu wa ibada ya pili walikuwa wanaingia, kwa hivyo sikuweza kumjibu vizuri. Lakini swali ni zuri, na najua si yeye pekee aliye nalo. Nalijibu hapa kwa utaratibu, ili usome nyumbani Biblia yako ikiwa mkononi, na usipokubaliana nami tuzungumze.

Kwa nini swali hili ni zito

Wacha nikuonyeshe watu wawili. Si watu fulani, usianze kuangalia jirani. Ni aina mbili za watu ambao utawapata katika kanisa lolote hapa Kenya.

Wa kwanza ni mama anayeamka saa kumi usiku kwenda sokoni kuchukua mboga za kuuza. Jioni anapika, anapakulia kila mtu, halafu yeye anakwangua ukoko wa sufuria akiwa amesimama. Ijumaa yuko kesha. Jumamosi yuko kwa matanga, anaosha vyombo. Dawa yake ya presha iliisha wiki tatu zilizopita, lakini amechangia karo ya mtoto wa jirani. Ukimwambia apumzike anakujibu, "Nitapumzika mbinguni." Kanisa zima linamsifu. Lakini watoto wake wanajua kitu ambacho kanisa halijui. Wanajua kwamba akifika nyumbani hana neno zuri hata moja lililobaki. Wema wote umeishia nje.

Wa pili amesikia kwenye redio na kwenye simu kwamba ajipende. Basi amejipenda kabisa! Mama yake mzazi akipiga simu kutoka mashambani hapokei, anasema analinda amani yake. Kikundi cha nyumbani amekihama kwa sababu watu wa pale wana shida nyingi. Mtu akimwomba msaada anamwita mzigo. Anajinunulia hiki, anajipeleka pale, na bado usiku ukiingia anajisikia mpweke na hajui kwa nini.

Huyu wa kwanza anadhani wema ni kujimaliza. Wa pili anadhani wema ni kujilinda. Wote wawili hawana furaha. Mimi nasema wamekosea mahali pamoja: kila mmoja amefikiri kwamba mimi na jirani yangu tunagombania kikombe kimoja, kwamba nikimpa yeye nimejinyima, na nikijipa mimi nimemwibia. Hivyo sivyo Bwana alivyopanga. Ile amri ya pili aliyoitaja Yesu katika Mathayo 22:39 inamweka jirani na wewe katika sentensi moja. Unampenda yeye kwa kipimo kile unachojipenda. Sasa niambie, ikiwa kipimo chenyewe kimepasuka, utapimia nini?

Eliya chini ya mretemu

Tuanze na Eliya, kwa maana huyu hakuna atakayesema alikuwa mtu wa kujipenda. Katika sura ya 18 ameshusha moto Karmeli. Ameomba mvua ikaja. Amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha sura ya 19 inafunguka, ujumbe mmoja tu kutoka kwa Yezebeli unamfikia, na yule jemadari wa imani anakimbia mpaka Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima peke yake, anaketi chini ya mti wa mretemu na kumwambia Mungu achukue uhai wake. Sababu anayotoa ni kwamba yeye si bora kuliko baba zake.

Soma hilo polepole. Hakusema Yezebeli ni mbaya. Alisema yeye mwenyewe hafai. Mtu aliyechoka sana huacha kupigana na adui, huanza kupigana na nafsi yake.

Sasa, kama wewe ungekuwa malaika, ungemwambia nini? Sisi walokole tunajua la kumwambia. "Eliya, imani yako iko wapi? Jana umeona moto, leo unamwogopa mwanamke? Simama, funga, omba!" Malaika wa Bwana hakusema hata moja kati ya hayo. Alimgusa, akamwambia aamke ale. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa kwenye makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Na malaika hakumkemea kwa kulala tena. Alirudi mara ya pili na chakula, na sababu aliyotoa ni kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake.

Mpendwa, hebu ona huo upole. Mbingu ilijua kwamba nabii amechoka, na dawa ya kwanza ya mbinguni ilikuwa mkate, maji na usingizi. Mara mbili.

Lakini usifungie Biblia hapo. Baada ya siku 40 za kutembea, Eliya anafika Horebu, na ndipo Mungu anamuuliza anafanya nini pale. Swali lilikuja, na lilirudiwa mara mbili. Kisha akapewa kazi: arudi, awapake mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Akaambiwa pia kwamba hayuko peke yake, kuna watu 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti.

Umeona utaratibu? Mkate kwanza, swali baadaye, halafu kurudi kwa watu. Hiyo ndiyo njia ya wema wa Mungu, na huo ndio ujumbe wangu wote leo.

Petro kando ya moto

Ili usifikiri ilikuwa mara moja tu, nenda Yohana 21. Petro amemkana Bwana mara tatu. Alimkana akiwa wapi? Yohana 18:18 inatuambia kulikuwa na moto wa makaa, watumishi wakiota kwa sababu ya baridi, na Petro akiota pamoja nao. Sasa baada ya ufufuo wanafunzi saba wamevua usiku kucha bila kitu. Wanafika ufukweni asubuhi, wamelowa, wana njaa, na wanakuta nini? Moto wa makaa tena, samaki juu yake, na mkate. Bwana wa utukufu, mwenye makovu ya misumari mikononi, ameinama anapika.

Wewe unayepika kwa jiko la makaa unajua harufu hiyo inavyokurudisha mahali. Naamini Petro aliponusa ule moshi alikumbuka ule usiku. Na Yesu angeweza kuanza hapo hapo: "Petro, ulisema nini ule usiku?" Hakuanza hivyo. Aliwaita wote waje wale. Ni baada ya kula ndipo alipomuuliza kama anampenda, mara tatu, mpaka Petro akahuzunika. Swali halikurukwa. Lilikuwa kali na liliuma. Lakini lilimkuta mtu aliyeshiba, mtu ambaye tayari alijua kwamba hajafukuzwa mezani. Na kila jibu la Petro lilipewa kazi: kuwalisha na kuwachunga kondoo. Ni kama Eliya, alishibishwa akarudishwa kwa watu.

Linganisha na Yuda. Tunasahau kwamba Yuda pia alijuta. Mathayo 27 inasema alirudisha vile vipande 30 vya fedha na kukiri kwamba amesaliti damu isiyo na hatia. Lakini alikiri kwa nani? Kwa makuhani, nao wakamjibu kwamba hayo ni yake mwenyewe, wao hayawahusu. Alipata hukumu bila mkate. Akaenda peke yake, na mnajua mwisho wake.

Kwa hivyo nawaachia maneno haya, muyashike. Swali bila mkate ni ukatili. Mkate bila swali ni kudekeza. Wema una vyote viwili, na mkate hutangulia.

Sasa kwangu mimi mwenyewe inakuwaje?

Hapo ndipo namjibu yule dada. Kujikana ambako Yesu alikutaja katika Luka 9:23 ni kushuka kwenye kile kiti ambacho nafsi yangu inataka kukaa badala ya Mungu. Si kuuchukia mwili ambao Mungu aliuumba. Yesu huyo huyo aliyesema tuchukue msalaba, katika Marko 4 amelala kwenye mashua kichwa kikiwa juu ya mto, na mawimbi yanapiga. Katika Marko 6:31 aliwaita wanafunzi wake waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wengi mpaka hawakupata hata nafasi ya kula. Paulo katika Waefeso 5:29 anachukua kama jambo la kawaida kwamba mtu huulisha na kuutunza mwili wake. Na katika Wakolosai 2:23 anatuonya kwamba kuutesa mwili kunaweza kuonekana kama hekima na kusiwe na faida yoyote. Hata tumbo la Timotheo lilimhusu, akampa ushauri wa matibabu katika 1 Timotheo 5:23. (Nyinyi mnaopenda mstari huo kwa sababu zingine, nawajua. Paulo alisema kidogo, na alisema ni kwa ajili ya tumbo.)

Basi kujitendea wema ni kujifanyia kile Mungu alichomfanyia Eliya. Ni kujipa mkate kwanza. Umeanguka, umefanya jambo la aibu, umemfokea mtoto, umerudi kwenye tabia uliyoapa kuiacha. Ndani yako kuna sauti inaanza: "Wewe ni bure. Wewe huwezi kubadilika. Hata Mungu amechoka." Ufunuo 12:10 inamtaja mshitaki wa ndugu zetu, anayewashitaki mchana na usiku. Kuna wapendwa ambao wanamsaidia kazi hiyo, wanajishitaki wao wenyewe kwa zamu, na wanaita huo unyenyekevu. Jiulize: mtoto wa mwenzako akikujia analia amekosa, ungemwambia maneno hayo? Hungethubutu. Sasa nani alikupa ruhusa ya kumwambia hivyo mtoto wa Mungu, hata kama mtoto huyo ni wewe?

Mkate kwanza: Damu ya Yesu imenena, sijafukuzwa mezani. Halafu swali: Nilifanya nini, nimkosee nani radhi, nibadilishe nini? Usiliruke swali. Anayeliruka anajidekeza, na kesho atakuwa pale pale. Lakini anayeanza na swali akiwa na njaa huishia chini ya mretemu.

Na kama sasa hivi unaposoma haya uko chini ya mti huo, umechoka hata na kuishi, tafadhali usibaki peke yako kama Eliya alivyomwacha mtumishi wake Beer-sheba. Mwambie mtu leo. Mwambie mzee wa kanisa, mwambie ndugu yako, nenda hospitali umwone daktari. Kwenda kutibiwa si kukosa imani. Eliya alikuwa na imani, na bado alihitaji mkono wa kumgusa na mtu wa kumletea chakula.

Ndugu mkubwa na yule mbuzi

Kuna mtu atasema, "Mchungaji, mimi najibana lakini wengine nawatendea vizuri." Huenda kwa muda. Lakini soma Luka 15 kuanzia mstari wa 25. Tunapenda kumhubiri mwana mpotevu tukamwacha kaka yake nje. Huyu kaka alifanya kazi miaka yote. Hakuvunja amri hata moja. Malalamiko yake ni nini? Kwamba hajawahi kupewa hata mwanambuzi afurahi na rafiki zake. Na jibu la baba linashangaza: kila kitu cha baba ni chake. Maana yake, yule mbuzi alikuwa zizini siku zote. Angeweza kumchinja Jumamosi yoyote ile.

Hakumchinja. Alijifanya mtumwa nyumbani kwa baba yake, na baba hakuwa amemwita mtumwa. Matokeo yake, mdogo wake aliporudi akiwa hai, hakuweza kumwonea huruma wala kuingia kwenye sherehe. Ngoma zinalia, nyama iko tayari, na yeye amesimama nje na hasira. Aliyejinyima huruma miaka yote hakuwa na huruma ya kumpa mwenzake, na furaha ikampita akiiona kwa macho.

Hii ndiyo sababu utaona mtu anaongoza sifa Jumapili mpaka watu wanalia, kisha Jumatatu anamfokea msichana wa kazi kwa kuvunja kikombe. Anamkaripia soja wa getini. Kondakta wa matatu akichelewesha chenji kidogo, anatukanwa na mtu mwenye Biblia kwapani. Ukimchunguza utakuta kwamba ndani yake yeye mwenyewe hafokewi kidogo. Mithali 11:17 ilishaliona hilo: mwenye rehema huinufaisha nafsi yake, na mkatili hujiumiza mwenyewe. Wema na ukatili havina mlango wa ndani na mlango wa nje. Vinapitia mlango mmoja.

Kwa hivyo utaratibu ule ule uutumie kwa wengine. Mtoto ameleta ripoti ya shule na alama ziko chini. Mpe chakula kwanza, aoge, akae, ndipo muifungue ripoti pamoja. Mume amerudi amekosa kibarua na kodi ya nyumba inadaiwa. Swali la kodi ni halali, dada yangu, usiniambie nimesema usiulize. Lakini liulize baada ya chai. Na wewe ndugu, mke akikuambia amechoka, usimhubirie kwanza juu ya mwanamke wa Mithali 31. Chukua sufuria uoshe. Hata msichana wa kazi: Kutoka 23:12 inatoa sababu ya siku ya saba, na inawataja ng'ombe, punda, mtoto wa mjakazi na mgeni, ili nao wapumzike. Kama wewe unapumzika Jumapili na yeye hajui kupumzika ni nini, Sabato yako ina dosari.

Wema una mpaka

Sasa nije kwenye jambo ambalo linawaumiza wengi na hatulisemi. Simu inalia, umeongezwa kwenye kikundi cha mchango. Harusi, matibabu, karo, matanga, harambee ya kanisa. Wiki moja inaweza kuwa na vikundi vinne. Majina yanaandikwa na kiasi, kila mtu anaona nani ametoa na nani amenyamaza. Kuna wapendwa wanakopa kwenye simu ili jina lao lionekane. Je, huo ni wema?

Paulo alipokuwa anawachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu, aliweka mpaka wazi. Soma 2 Wakorintho 8:12–13. Sadaka hukubaliwa kulingana na alicho nacho mtu, si kulingana na asicho nacho, na lengo halikuwa wengine wapate nafuu na hawa walemewe. Huyo ni mtume, na yuko katikati ya mchango! Kisha katika 9:7 anasema kila mtu atoe kama alivyoamua moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa.

Utaniuliza: na yule mjane wa Marko 12, aliyetoa senti mbili, riziki yake yote? Bwana alimheshimu, nami namheshimu. Lakini soma mstari ulio mbele yake, wa 40. Yesu alikuwa ametoka tu kuwahukumu watu wa dini wanaokula nyumba za wajane. Mjane alitoa kwa hiari yake, hakuna aliyemsoma jina. Mjane akimpa Mungu yote, hiyo ni ibada. Mtu akimkamua mjane, hiyo ni dhambi, na sisi tunaosimama madhabahuni ndio wa kwanza kulisikia hilo.

Mwangalie pia Msamaria mwema katika Luka 10. Tunamsifu kwa alichofanya, na tunasahau alichoacha kufanya. Alimwaga mafuta na divai, alimpandisha mnyama wake, alimpeleka nyumba ya wageni, akamtunza usiku ule. Kesho yake alitoa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili ukilinganisha na Mathayo 20:2, akampa mwenye nyumba. Halafu akaendelea na safari yake. Hakuuza mnyama. Hakuacha kazi. Alimshirikisha mtu mwingine mzigo, na akaahidi kurudi kulipa zaidi kama itahitajika. Wema wake ulikuwa mkubwa na ulikuwa na mpaka, na Yesu alituambia tukafanye vivyo hivyo.

Kwa hivyo kusema "mwezi huu sina, lakini nitakuja kukaa nawe Jumamosi" ni neno la Kikristo kabisa. Huyo mtu wa pili niliyemtaja mwanzoni naye asijifiche hapa. Mpaka wa Msamaria ulikuja baada ya kusimama. Kuhani na Mlawi ndio waliolinda amani yao wakapita upande wa pili wa njia.

Na furaha je?

Watu wanataka kujua kama haya yote yataleta furaha. Yataleta. Paulo, akiwaaga wazee wa Efeso, aliwakumbusha neno la Bwana kwamba anayetoa ana heri kuliko anayepokea (Matendo 20:35). Na hata wataalamu wa nyakati zetu wamelikuta njiani. Mwaka 2008 watafiti wa Canada na Marekani walichapisha jaribio moja rahisi. Asubuhi waliwapa watu bahasha yenye dola 5 au dola 20. Wengine waliambiwa wazitumie kwa mambo yao, wengine wazitumie kwa mtu mwingine au kwa sadaka. Jioni wakawauliza wanajisikiaje. Waliotumia kwa wengine ndio waliokuwa na furaha zaidi, na dola 20 hazikumshinda mwenye dola 5. Mwaka 2013 ikatoka kazi kubwa zaidi iliyogusa nchi 136, tajiri na maskini, na baadhi ya waliohojiwa kwa kina walikuwa jirani zetu wa Uganda. Hapo pia, kutoa na furaha vilionekana kwenda pamoja. Utafiti mwingine wa mwaka 2010 uliongeza kwamba faida hiyo huja mtu anaposaidia kwa kutaka mwenyewe, si kwa kusukumwa. Wakorintho waliambiwa hayo zamani.

Lakini nakuonya. Ukitoa ili ufurahi, hiyo ni biashara, na siku mtu atakosa kukushukuru utadai faida yako. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Furaha ni kama kivuli: ukiifukuza inakimbia, ukigeuka uelekee jua inakufuata nyuma. Yule kaka mkubwa angeingia ndani kumkumbatia mdogo wake, furaha angeikuta huko ikicheza.

Ya kufanya wiki hii

Moja: chagua mlo mmoja ule ukiwa umeketi, pamoja na watu wako, na si wa mwisho kupakuliwa. Kama una dawa iliyoisha, nenda kliniki kabla ya kuchangia kitu kingine.

Mbili: mtu mmoja aliyekukosea na mnaishi naye, mfanyie jambo jema kabla ya kumuuliza kosa lake. Kisha muulize, kwa upole, usiliache swali.

Tatu: ukijisikia unajitukana moyoni, taja Zaburi 103:13–14 kwa sauti kwa maneno yako mwenyewe: Mungu anatuhurumia kama baba na watoto wake, anajua sisi ni mavumbi.

Nne: mchango mmoja ambao huwezi, sema huwezi bila kudanganya. Mwingine ambao unaweza, utoe bila jina lako kusomwa.

Swali la vikundi vya nyumbani: Katika nyumba yako, ni nani anayeulizwa maswali siku zote na hajawahi kuletewa mkate?

Tuombe. Baba, asante kwa kuwa hukumkemea Eliya akiwa na njaa, wala Petro akiwa amelowa. Tuguse sisi tuliolala kwa kuchoka. Tupe mkate wa leo, kisha utuulize unalotaka kutuuliza, nasi tutakujibu kweli. Uturudishe kwa watu wetu tukiwa na mikono laini. Katika jina la Yesu. Amina.